Shehe Aliyekoroma Khalwani

Paukwa!

Pakawa!

Mbona sauti ndogo, hamjala? Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale kulikuwa na kijiji, na kulikuwa na jua. Jua, jua, jua. Mihogo ikanyauka, mbuzi wakakonda, visima vikakauka. Kikabaki kimoja tu chenye maji, cha mjane aitwaye Bi Mwanatumu. Kila asubuhi watu walikuja kuteka, naye akawapa. Wakanywa, wakafuta midomo, wakasema, "Bi Mwanatumu amefunga mvua." Shukrani ya punda ni mateke, ndugu zangu.

Jumbe, mkuu wa kijiji, akatoa amri. "Shehe Kheri ataingia khalwa, ajitenge, amtaje Mungu. Ataoneshwa aliyefunga mvua. Akiwa ni huyu mjane, atahama leo leo."

Shehe Kheri alikuwa mzee wa zawia, nyumba ya dhikri, mwenye ndevu chache na kicheko kingi. Kila Ijumaa aliongoza dhikri. Watu walimwita walii, wakaapa kuwa Mungu humfunulia siri. Yeye alikana kila siku, nao wakasema, "Mnaona unyenyekevu wake!"

Bi Mwanatumu akafunga mzigo wake. Akaenda kumngoja Shehe mlangoni mwa zawia.

"Shikamoo, Shehe wangu."

"Marahaba, mwanangu."

"Ukitoka, sema umeoneshwa kuwa sina kosa. Hata kama hukuoneshwa. Mume wangu amezikwa hapa, nitakwenda wapi?"

Shehe akamtazama kwa huruma. "Ukipona leo kwa ndoto yangu, mwanangu, kesho utafukuzwa kwa ndoto ya mwingine. Siwezi." Akaingia, akafunga mlango.

Bi Mwanatumu alimpenda mzee yule kama baba yake. Siku ile alimchukia.

Watu wakakaa uani, wakasikiliza. Ndani tasbihi ikalia: tiki, tiki, tiki. Kisha kimya. Kisha: khorrr! Khorrr!

"Msikieni," akasema Jumbe akitetemeka, "anasema na malaika!" Wote wakainamisha vichwa.

Alasiri mlango ukafunguka. Kilemba cha Shehe kimekwenda upande, shavu lina alama za mkeka.

"Shehe, umeoneshwa nini?"

"Sikuoneshwa kitu. Nilipitiwa na usingizi."

"Lakini tumesikia sauti!"

"Nilikuwa nakoroma. Hata mke wangu hulalamika."

Hakuna aliyecheka. Bi Mwanatumu akaona hana wa kumtetea tena, akajitwika mzigo wake.

"Mimi sijui siri ya mtu," akasema Shehe. "Sijapata kuijua. Kama mliniheshimu kwa hilo, chukueni heshima yenu. Nimesema kweli mbele yenu, nanyi semeni. Nani amemwona huyu akifunga mvua? Kwa macho yake?"

Mmoja akainuka.

"Mimi sikuona," akasema msuka mikeka. "Nilisikia kwa mhunzi."

"Mimi sikuona," akasema mhunzi. "Nilisikia kwa mke wangu."

"Mimi sikuona," akasema mkewe. "Nilisikia kwa Jumbe."

Macho yote kwa Jumbe. Uongo ulikuwa ulimini mwake tayari. Lakini mzee yule, aliyejiaibisha kwa hiari yake, alikuwa amesimama mbele yake.

"Mimi sikuona," akasema Jumbe. "Mlikuwa mnaniuliza mvua iko wapi. Niliogopa mtasema kosa ni langu. Nikamtaja asiye na mtu wa kumtetea."

Wanawake wakalia. Mhunzi akamtua Bi Mwanatumu mzigo, akaubeba mwenyewe mpaka nyumbani kwake.

Mvua? Haikunyesha siku ile. Msinikodolee macho, na mimi nasema kweli! Ilinyesha ilipotaka yenyewe.

Jioni Bi Mwanatumu alimpelekea Shehe uji. "Baba, leo ulinitia roho mkononi," akamgombeza.

"Na yangu ilikuwa mkononi, mwanangu. Nilijua hata kweli ingeweza kukufukuza."

"Na bado ukaisema?"

"Sikuwa na kingine cha kukupa."

Bi Mwanatumu akamtazama, akamwongezea uji.

Msema kweli mpenzi wa Mungu, wasikilizaji wangu. Na mmoja akisema kweli inayomuumiza mwenyewe, uongo wa kijiji kizima hukosa pa kukaa.

Ngano yangu imetua hapo. Ikiwa tamu, tugawane. Ikiwa chungu, niachieni mwenyewe.