Ripoti Isiyo na Doa

Bosi Tungaraza, mkuu wa mradi wa visima uliolipiwa na wafadhili wa ng'ambo, alimpokea mtathmini wao, Bi Sijaona, kwa wali kuku na sharti moja.

"Mama, ripoti yenye doa siisaini. Andika maji yanatoka kila kijiji."

"Haya, baba. Hata Mtakuja, wanakolia kuwa pampu imekufa?"

"Mtakuja? Bata wanaogelea!"

"Hakuna anayeteka mtoni?"

"Njia yenyewe imeota nyasi!"

Bi Sijaona aliandika yote huku akitafuna paja, kisha akamsogezea ripoti. Bosi alishika kalamu, akasita.

"Na haya ya chini?"

"Hitimisho, baba. Utaratibu wa ripoti unataka litokane na matokeo. Kwa kuwa kiu imekwisha, mradi ufungwe na gari lako lirudishwe kwa wafadhili."

Bosi alichungulia dirishani, akaliona gari lake jeupe linavyong'aa.

"Mama weee, Mtakuja hakuna hata tone! Andika wapelekewe pampu mpya, upesi!"

"Na wale bata?"

"Hakuna bata!"

"Taratibu basi, baba," alisema Bi Sijaona akifungua ukurasa mpya, "nisije nikatia doa."