Miguu Isiyofika Sakafuni

Wapendwa, kulikuwa na karani mmoja katika ofisi ya ardhi ya wilaya, mama wa makamo, mfupi wa kimo. Kazi yake ilikuwa kuandika hati kwenye kompyuta tangu asubuhi hadi saa kumi. Mwaka wa pili mgongo ukaanza kumuuma. Mwaka wa tatu maumivu yakapanda hadi shingoni, akawa hawezi hata kumbeba mjukuu wake.

Alikwenda hospitali, akapigwa picha. Mifupa ilikuwa mizima. Akapewa dawa za maumivu. Akachuliwa. Wenzake walimhurumia kwelikweli. Kila asubuhi walimwambia, "Pole, mama," na saa nne walimletea chai mezani asihangaike kuinuka. Mwaka wa nne akaandika barua ya kuacha kazi, akaifungia kwenye droo mpaka apate nguvu za kuipeleka.

Siku moja soketi iliyo chini ya meza yake ikaharibika. Fundi umeme akaja, akalala chini na tochi yake. Baada ya muda akauliza kutoka hukohuko:

"Mama, miguu yako haifiki chini?"

"Haifiki. Kiti ni kirefu."

"Ndiyo maana unakaa ukingoni?"

"Nikiegemea inaning'inia. Nimeshazoea."

Fundi akatoka, akajifuta vumbi. "Mke wangu ni mshonaji. Alikuwa akilia na mgongo hivyohivyo."

Akashusha kiti, lakini meza ikawa juu mno, mabega ya mama yakapanda. Akakirudisha. Akatafuta sanduku la mbao stoo, akaliweka chini ya miguu ya mama. Kompyuta iliyokuwa pembeni akaihamishia mbele, akaiinua kwa rimu mbili za karatasi mpaka ikalingana na macho.

"Sasa egemea."

Mama akaegemea, akafumba macho. Alikaa hivyo mpaka fundi akapata wasiwasi.

"Mama?"

"Niache kidogo, mwanangu. Ndiyo kwanza nakaa."

Maumivu hayakuisha siku ile. Yalipungua polepole, wiki baada ya wiki, na siku moja akajikuta amembeba mjukuu wake kutoka uani hadi sebuleni bila kufikiria. Kesho yake aliichana ile barua. Mwenyewe anasimulia kwamba alicheka peke yake pale mezani.

Sasa niwaulize: wale wenzake walikuwa watu wabaya? Hata kidogo. Chai walileta. Lakini kwa miaka minne walizungumza naye wakiwa wamesimama, na hakuna aliyeinama kutazama amekaaje.

Nasi je? Kusema pole tunajua. Tunaisema pale mlangoni pa kanisa, tunashikana mikono, tunakwenda zetu tukidhani tumemsaidia mtu. Huyo uliyekaa naye benchi moja asubuhi hii, unajua wiki yake anaipitishaje? Leo usimpe pole. Muulize, kisha usiondoke mpaka akujibu.