Mwenye Shimo Ndiye Mwenye Mche

Mama mmoja wa milimani, jina lake Nakijwa, alikuwa na kitalu cha miche ya parachichi. Alizipanda mbegu mwenyewe katika viriba vya nailoni, akailea miche kiangazi kizima kwa maji ya kubeba kichwani. Masika yakaingia. Mche usiopata ardhi masika hayo, basi tena. Mizizi yake hujizungusha ndani ya kiriba mpaka ikajinyonga yenyewe.

Akaja Mzee Mbonea, mwenye shamba pana kuliko wote bondeni. Akashika majani, akayasifu, akachagua miche iliyo mizuri. Nakijwa alipomuuliza ataichukua lini, mzee akacheka kwa upole: bado kidogo, mama, niwekee.

Jamani, neno hilo mnalijua. Sisi ni watu wa adabu. "Hapana" hutukwama kooni, basi tunasema "bado". Bado si ndiyo wala si hapana. Ni mlango uliorudishiwa tu, na Nakijwa akaushangilia kama uliofunguliwa. Akaitenga ile miche kivulini, akawa anaimwagilia kabla ya mingine. Waliokuja kuitaka aliwarudisha: ina mwenyewe. Kila siku ya gulio alimuuliza mzee habari za nyumbani, za mifugo, za magoti yake yanayomuuma, lakini habari za miche alizimeza, asije akamuudhi. Mzee naye, maskini, aliaga haraka. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na hapo yaliumia matumbo mawili.

Asubuhi moja Nakijwa akakuta mzizi mweupe umetoboa kiriba. Lo! Hasira zikampanda, na aliyemkasirikia ni yeye mwenyewe. Akajifunga kanga kiunoni, akaenda kwa Mzee Mbonea, akamwamkia shikamoo, akamuuliza anangoja nini. Mzee akainamisha kichwa. Hatimaye akasema kweli: miche aliyopanda zamani ilikufa yote kwa kutojua kuchimba mashimo, watu wakamcheka, naye anaogopa kuchekwa tena. Kumbe miche haikuwa na kasoro machoni pake. Alichoogopa ni shimo.

Nakijwa hakumbembeleza wala hakumpunguzia bei. Alimweleza shimo linavyochimbwa, udongo wa juu ukae upande huu na wa chini upande ule, samadi ichanganywe na ule wa juu. Kisha akasema:

"Mzee wangu, kesho napita shambani kwako. Nikikuta mashimo, miche ni yako. Nisipoyakuta, ni ya mwingine, na mimi na wewe tutasalimiana vilevile."

Kesho yake, kabla hajafika mpakani mwa shamba, akasikia majembe. Mzee Mbonea yumo shimoni hadi magotini, magoti yale yale mabovu, jasho linamtiririka, na wanawe wanachimba nyuma yake. Udongo wa juu upande huu, wa chini upande ule. Nakijwa akapiga kigelegele kikasikika bonde zima. Majirani wakatoka kutazama, na waliokuja kucheka wakaishia kununua miche iliyobaki. Jioni mvua ikanyesha, ikaikuta miche yote imekwisha kuingia ardhini.

Basi wewe mwenye cha kuuza, unayemtunza mteja kivulini na kuogopa kumuuliza: unamwagilia miche, au unamwagilia bado?