Chombo cha Kutilia Jua la Adhuhuri

Hapo zamani, katika mji wa Shungivu, palikuwa na jumba la mfalme lililokula kuliko watu wote wa mji, na chakula chake kilikuwa kuni na mafuta. Halikuzaliwa na uroho huo. Sultani Hatimu alipotawazwa, jumba lilikuwa na taa moja mlangoni na mafiga matatu jikoni, na watu wake walilala wameshiba. Kisha akaja mgeni kutoka ng'ambo akasema, "Kwetu mlango wa mfalme una taa mbili." Basi Sultani akatia ya pili, na ya tatu juu yake, ili mgeni yule akirudi aone haya. Taa zikawa nyingi, nyumba ikapata joto. Joto likamfanya Sultani atake kuoga kila mara, naye hakupenda maji baridi, basi pakajengwa hamamu. Moshi wa hamamu ukachafua mavazi, basi mavazi yakawa yanachemshwa kila siku. Hata farasi wakaogeshwa maji ya moto, kwa kuwa mtu mmoja alidhani wamenuna. Ikawa kila jambo lina sababu yake nzuri, na kila mwaka likaongezwa jambo, wala hakutokea mtu wa kupunguza.

Pembezoni mwa mji huo alikaa mtu jina lake Shekuwe, asiye na mali wala kazi ya kudumu. Watu walimwita mpumbavu mbele ya macho yake, naye aliitika kwa adabu, kwani alipenda kuitwa. Kibanda chake kiliegemea mfenesi mkubwa, na kwa hakika mfenesi ule ndio uliokuwa nguzo ya nne ya nyumba. Zile nguzo tatu zilisimama kwa kuufuata. Alikuwa na mke, Mashavu, mwenye ulimi mwepesi na mkono mkarimu. Msimu wa mafenesi ulipofika, Mashavu aliyapasua, na watoto wa mtaa mzima wakala hapo kwake.

Lakini fenesi lina utomvu unaonata kama gundi, na mtu hulila salama akiwa amepaka mafuta kisuni na mikononi. Na mwaka ule mafuta yote ya nazi yalikuwa yamechukuliwa kwa ajili ya taa za jumba. Basi watoto wakala hivyo hivyo, wakaenda chuoni vidole vimegandana, na mwalimu akadhani wanamfanyia mzaha.

Siku moja mpiga mbiu, mzee Ngwali, akaja akasimama kivulini mwa mfenesi ule ule, akapiga pembe, akasema, "Enyi watu wa Shungivu, mikoko ya pwani imekwisha, na misitu ya bara imekuwa mbali. Sultani ameamuru: baada ya Ijumaa, miti yote ya mitaani ikatwe iwe kuni za jumba, na shoka lianzie upande huu."

 Shekuwe akautazama mti, akaitazama nyumba yake, akasema, "Ajabu. Jua la bure linamwagika juu ya jumba kutwa nzima, Sultani analiacha lizame. Kisha magharibi anakuja kutaka nguzo yangu."

Watu wakacheka, na mzee Ngwali akacheka pamoja nao. Lakini alikuwa mtu wa kazi yake, na kazi yake ilikuwa kupeleka maneno pande zote mbili. Kabla ya alasiri Shekuwe akaitwa barazani.

Sultani Hatimu alikuwa ameketi baina ya taa zinazowaka mchana, na kando yake Waziri Daramani.

"Ewe Shekuwe," akasema Sultani, "nimeambiwa wasema nalitupa jua."

"Maulana, sikusema unalitupa. Nilisema hulioni likipita."

"Haya, wewe unayeliona, likamate. Niletee jua la adhuhuri ndani ya chombo, nami nilikute humo baada ya magharibi."

Waziri Daramani, aliyependa mambo yawe na masharti, akaongeza, "Na liwe jua kweli. Litoe mwanga, litoe joto, na liweze kupika. Asije akatuletea jiwe la moto akaliita jua."

"Ukilileta," akasema Sultani, "miti ya mitaani itasalimika. Usipolileta, mfenesi wako utakuwa wa kwanza, nawe utaubeba mwenyewe mpaka jikoni kwangu. Nakupa muda hadi Ijumaa jioni."

Shekuwe akainama, akasema, "Nimesikia na nimetii," akashika njia ya nyumbani.

Alipofika nyumbani akatoa mtungi, akauweka uwanjani jua likiwa kali, akaufunika ghafla, akakimbia nao chumbani, akafunua akachungulia. Mlikuwa na giza. Akajaribu kwa chungu, kisha kwa kikapu, akakimbia kwa kasi zaidi, akajikwaa kizingitini. Majirani wakaja kutazama, na mmoja akamwambia, "Bwana Shekuwe, labda unalishtua. Lijongelee polepole." Naye akamshukuru kwa shauri, akalijongelea polepole.

Mashavu alikuwa ameinama penye jiko. Kwa kuwa kuni zilikuwa adimu, wanawake wa mtaa ule walipika kwa moto mmoja. Kila mtu alitokosa wali wake kidogo, akauondoa bado una maji, akaupisha wa mwenzake. Chungu kilichoondolewa kilitiwa ndani ya kapu lililojaa makumbi ya nazi, kikafunikwa kwa nguo kuukuu, na humo wali ukajiivia wenyewe bila moto, ukakaa na joto lake mpaka usiku.

"Ndugu zangu," Mashavu akawaambia wenziwe, "mume wangu anakimbizana na jua." Kisha akamgeukia Shekuwe. "Baba, ingia kivulini, utaumwa kichwa. Utazame huo mfenesi. Umesimama juani tangu babu yako hajaoa, unalinywa jua kutwa, wala huuoni ukijikwaa."

Shekuwe akasimama na kikapu mkononi. Akautazama mti kwa muda mrefu, tangu shina hata kilele, mpaka Mashavu akauliza kama jua limekwisha kumpata. Shekuwe akacheka, akaweka kikapu chini, akaenda nyuma ya nyumba kuokota tawi kavu lililoanguka wakati wa pepo za kusi.

"Mke wangu," akasema, "Ijumaa alasiri nitaliomba na hilo kapu lako."

Ijumaa ikafika. Baraza likajaa watu, maana mji mzima ulitaka kujua kama utaamka na miti au bila miti, na nje ya lango wakata kuni walikuwa wameketi wakinoa mashoka. Shekuwe akaingia amebeba kitu kirefu kilichofungwa kwa shuka, na Mashavu nyuma yake na kapu kichwani.

"Umelileta?" akauliza Sultani.

"Nimelileta, Maulana. Ila nina hofu. Chombo cha kutilia jua si kama mtungi, ukivunjika ukanunua mwingine sokoni. Hiki hujengeka taratibu sana. Naogopa nikikifunua, watu watakitamani na kukivunja."

"Nani atathubutu?"

"Basi niapie, Maulana. Ukikiri kwa ulimi wako kuwa chombo hiki kina jua, asikivunje mtu yeyote, wala asivunje cha mfano wake, maadamu wewe u hai."

Sultani akacheka, akaona kiapo hicho hakimgharimu kitu. Akaapa mbele ya watu wote, na mzee Ngwali akapiga pembe ili kiapo kisikike hata nje. Ndipo Shekuwe akafungua shuka, na ndani yake mlikuwa na lile tawi kavu la mfenesi.

Baraza lote likaangua kicheko. Waziri Daramani akasema, "Maulana, hii ni kuni."

"Ni kuni, Bwana Waziri," akasema Shekuwe kwa upole. "Nisaidie, maana mimi ni mpumbavu. Tawi hili lilipokuwa mtini, mchana lilikuwa wapi?"

"Juani."

"Na mwaka uliopita?"

"Juani."

"Umepata kuuona mti ukila wali?"

"Sijauona."

"Na mti ukipandwa ghalani, penye giza, ukapewa maji na samadi?"

Waziri akafikiri kidogo. Alikuwa na bustani, na jambo hilo lilikuwa limekwisha kumtokea. "Utakufa," akasema.

"Basi, aliyekuwa akiulisha ni nani?"

Waziri akageuka, akalitazama jua linalozama. Adhana ya magharibi ikasikika, watu wakaenda kuswali, wakarudi. Shekuwe akaomba taa zizimwe, na moto wa jikoni pia, na kwa mara ya kwanza tangu miaka mingi baraza likaingia giza. Akalipasua tawi vijiti vijiti, akapanga mafiga, akawasha. Moto ukashika. Nyuso za watu zikaonekana, kwanza ya Sultani, kisha ya Waziri, kisha za wale walio nyuma. Mashavu akateleka kisufuria cha maji, na baada ya kitambo yakaanza kuimba.

"Una mwanga?" akauliza Shekuwe.

"Una mwanga," akasema Sultani.

"Una joto?"

Sultani akanyosha mikono. "Una joto."

"Unapika?"

"Unapika, na maji yanachemka."

"Maulana, hilo ndilo jua la adhuhuri. Mti ulilipokea kidogo kidogo, siku baada ya siku, ukalitia ndani, ukalifunika kwa gome. Sasa nimelifunua."

Sultani akautazama moto kama mtu anayekutana na jirani aliyempita kila siku bila salamu. Akasema, "Nakiri. Ni jua."

"Ahsante, Maulana. Na kila mti una jua kama hilo. Basi waambie wale watu walio nje wayaweke mashoka chini, kwani umeapa asivunje mtu chombo hiki wala cha mfano wake."

 Uso wa Sultani ukabadilika, na Mashavu akamshika mumewe upindo wa nguo.

"Umenitega," akasema Sultani. "Nami je? Hamamu yangu? Jiko langu? Waniambia nikae gizani?"

"La, Maulana. Vyombo vingine huvunjika vyenyewe: matawi yanayoanguka, makuti makavu, vifuu na makumbi. Hivyo ni halali yako."

"Havitatosha," akasema Waziri Daramani.

"Kweli havitatosha," akasema Shekuwe. "Mti huongezeka kidole kwa mwaka, na jumba huongezeka chumba. Hata ningekuletea chombo kikubwa kama mlima, Bwana Waziri, mwakani mngeniagiza mlima wa pili. Mimi najua kushona kidogo. Siwezi kumkatia kanzu mtoto anayerefuka huku nimeshika mkasi."

Watu fulani nyuma wakajikohoza ili wasicheke. Sultani hakucheka. Na kwa kuwa ilikuwa saa yake ya kula, na jikoni moto ulikuwa umezimwa pamoja na taa, tumbo lake likanguruma mbele ya watu wote.

Basi Mashavu, ambaye hakuweza kuvumilia kusikia tumbo la mtu likilia, hata la sultani, akasogea mbele na kapu lake. Akafunua nguo kuukuu, akatenga makumbi, akatoa chungu cha wali, na mvuke ukapanda ukamfikia Sultani puani. Sultani akala tonge la kwanza, akalitema kiganjani.

"Unaunguza," akasema kwa mshangao. "Umepikwa wapi?"

"Kwetu, Maulana," akasema Mashavu. "Uliondoka motoni kabla ya alasiri."

"Jiko langu linawashwa kutwa ili chakula kisipoe, na bado hunifikia kimepoa."

"Jiko la Maulana linapasha moto hewa. Kapu langu linalinda kilichokwisha kupata moto. Nami sina kuni za kupasha moto hewa."

Sultani akala. Akala mpaka akafika chini ya chungu, na huku akila akawa anatazama huku na huku penye moto wa tawi moja, akiwaona watu wote wa baraza lake, ambao zamani hakuwaona vizuri kwa wingi wa taa. Kisha akaanza kucheka, kwanza kwa pua, halafu kwa tumbo zima, na waliokuwa wakijikohoza wakapata ruhusa.

"Waziri," akasema, "taa ya chumba kisicho na mtu isiwashwe. Farasi waulizwe kama kweli wamenuna. Na jikoni kwangu yasukwe makapu, kwa kipimo cha mama huyu. Nawe Shekuwe, taka utakacho."

Shekuwe akafikiri. "Nipe shoka moja katika yale ya nje, Maulana."

"Shoka? Wewe uliyeniapisha?"

"Mafenesi yangu yana ganda gumu."

Basi akapewa, na hapana mti uliokatwa Shungivu. Siku chache baadaye Sultani Hatimu akaja mwenyewe mtaani, pamoja na Waziri wake, kuuona mfenesi uliomshinda, na Shekuwe akapasua fenesi kwa shoka la kifalme. Sultani hakungoja kuelezwa. Akatia mkono wote, akala, na alipotaka kuaga akakuta vidole vyake vitano vimekuwa kimoja.

Watoto wakamtazama kwa huruma, maana walijua habari hiyo.

"Subiri, Maulana," akasema Mashavu. Akamwendea Waziri Daramani, aliyekuwa ameshika taa iliyozimwa, akaichukua, akayamimina mafuta yake viganjani mwa Sultani, kisha viganjani mwa watoto mmoja mmoja. Sultani akasugua, vidole vikaachana, akavikunja na kuvikunjua kama mtu aliyerudishiwa vitu vyake.

"Na sasa taa hii?" akauliza Waziri, akiitazama ilivyo tupu.

"Iache," akasema Sultani, akanyosha mkono kuchukua kipande kingine cha fenesi. "Bado ni mchana."

Nami niliyewasimulia naishia hapo chini ya mfenesi. Mwenye mafuta mikononi na akaribie.