Kijana Aliyeitikia kwa Kichwa

Wapendwa, leo tunawaaga vijana wetu wanaokwenda kuanza chuo kikuu. Kwaya imeimba, akina mama wameshafunga maboksi, na mzee wa kanisa pale ameanza kuangalia saa. Usiwe na wasiwasi, mzee wangu, leo sisemi mengi. Nina kijana mmoja tu wa kuwaletea.

Kijana huyu alikuwa amelelewa vizuri. Mnajua kwetu malezi ni nini. Mkubwa akizungumza, mdogo haangalii pembeni wala hakatizi maneno, anaitikia. "Naam, baba." "Ehee, babu." Hata babu akirudia habari ile ile ya ng'ombe wake aliyepotea zamani, wewe unaitikia kwa kichwa, tena kwa heshima. Adabu hiyo ilikuwa imemwingia kijana yule hasa.

Basi akachaguliwa kwenda chuo kikuu. Siku ya kuondoka mama yake akamshika mkono, akamwambia, "Mwanangu, ukifika huko kaa mbele. Na walimu wako waheshimu kama unavyotuheshimu sisi." Naye akafanya vile vile. Ukumbi wa kusomea ulikuwa mkubwa kuliko kanisa letu hili, watu wamejaa mpaka kwenye ngazi, yeye akawahi kiti cha mbele kabisa. Mhadhiri wa hesabu akaingia, akaanza kuongea Kiingereza cha mbio, huku anaandika ubaoni na kufuta. Kijana haelewi hata kidogo. Lakini mkubwa anazungumza! Angefanyaje? Akaitikia kwa kichwa. Wiki ikapita, mwezi ukapita, yeye anaitikia tu.

Jamani, hivi mmewahi kukaa mahali mkaona kila mtu anaelewa isipokuwa ninyi? Upweke wake hauna mfano. Kijana alikuwa akirudi bwenini, anakaa kitandani, anajiona mjinga aliyepenya kwa makosa katikati ya wenye akili. Siku moja mama akampigia simu.

"Masomo yanaendaje, baba?"

"Vizuri tu, mama."

"Mungu ni mwema! Ngoja niwaambie wenzangu wa kwaya."

Sasa hapo utasema nini tena? Simu ikakatika, kijana akalia.

Likaja jaribio la kwanza. Majibu yalipotoka, hakupata kitu. Akasema basi, imetosha, narudi nyumbani. Akafunga begi lake. Lakini, ndugu zangu, aliyelelewa vizuri haondoki bila kuaga. Kwetu hata ukilala kwa mtu usiku mmoja, asubuhi unamtafuta mwenye nyumba, hata kama yuko shambani, umwambie kwaheri. Kwa hiyo akaenda kugonga mlango wa mhadhiri.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Aa, kumbe ni wewe! Karibu."

"Asante. Nimekuja kukuaga. Chuo kimenishinda. Tangu siku ya kwanza sijaelewa somo lako hata moja."

Mhadhiri akaweka kalamu chini, akamtazama.

"Wewe? Wewe unayekaa pale mbele?"

"Ndiyo, mwalimu. Unisamehe."

"Kijana, karibu darasa zima limefeli. Nimekaa hapa nawalaumu kwamba ni wavivu. Ukumbi ule macho yangu hayafiki nyuma, nafundisha kwa kukutazama wewe. Kila nilipotaka kurudia, nilikuona unaitikia, nikajua mmeelewa, nikasonga mbele!"

Mnayaona hayo? Na wale wa nyuma je? Nao walikuwa wanatazama kisogo chake kinavyopanda na kushuka, na kila mmoja anasema moyoni, "Ni mimi peke yangu nisiyeelewa." Wangapi kati yao nao walikuwa wameshafunga mabegi? Kijana hakujua habari za hata mmoja.

Mhadhiri akamwambia, "Nenda kafungue begi lako. Kesho kaa pale pale. Ila usipoelewa, usiniitikie. Niulize."

"Nikuulize mbele za watu, mwalimu? Si nitakuwa nimekukosea adabu?"

"Adabu umenikosea kwa kuniacha niongee peke yangu muda wote huu."

Kesho yake kijana akanyoosha mkono. "Mwalimu, hapo sijaelewa." Kisha sauti ikatoka nyuma, "Hata mimi." Na nyingine, "Hata mimi, mwalimu." Mhadhiri akafuta ubao, akaanza upya. Yule kijana hakurudi nyumbani mpaka likizo.

Vijana wangu, mwaka wa kwanza ni mgumu. Nani aliwadanganya kwamba ni rahisi? Mtakosa usingizi, mtakumbuka ugali wa nyumbani, mtajiona wadogo. Hiyo siyo aibu. Ulizeni. Na ninyi wazazi, mtoto akisema "vizuri tu", msikimbilie kuitangazia kwaya nzima. Mwulizeni mara ya pili, tena taratibu, mpate na yale mengine.

Lakini msidhani nawasema wanafunzi peke yao. Ni sisi. Sisi tunaokaa viti vya mbele humu ndani, tunaovaa vizuri, tunaojibu "Amina" kabla mchungaji hajamaliza sentensi. Ukiulizwa habari, nzuri. Ndoa? Nzuri. Imani? Ooh, tunamshukuru Mungu! Na nyumbani umelia mpaka macho yamevimba.

Nyuma yako, dada yangu, nyuma yako, kaka yangu, amekaa mtu anayetazama kisogo chako. Wiki nzima amekuwa akijiambia kwamba kanisa hili ni la watu wenye amani na yeye hapa si pake. Leo amekuja kuaga. Tukimaliza ibada, kabla hajafika mlangoni, geuka umwambie ukweli wako.