Sisimizi Waliomwinua Kiboko

"Nawatupia ngano."

"Tunadaka."

"Hata ikiwa nzito?"

"Tutadaka."

Basi, mwaka huo wanyama walilima mtama pamoja, wakavuna, wakajaza ghala moja. Asubuhi ya kugawana wakamkuta Kiboko ameketi mlangoni, mlango wote umezibwa na matako yake.

"Mzee, tupishe," akasema Twiga.

"Nimeketi," akasema Kiboko.

"Mzee, tupishe," akasema Nyati, akamsukuma mpaka pembe zikauma. Kiboko hakusogea.

"Nimeketi. Atakayeniinua achukue mtama wote."

Siku tatu akawa anageuza shingo ndani, anatafuna, kwachu kwachu, wenzake wanamtazama kwa njaa.

Siku ya nne akaja Sange, kile kinyama kidogo chenye pua ndefu kama mrija. Nyumbani alikuwa na watoto wanne na sufuria tupu. Kichwani alibeba jamvi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Nimeketi."

"Naona. Ila mkubwa kama wewe kukaa kwenye vumbi, tunaona aibu sisi. Nikutandikie."

"Siinuki."

"Usiinuke. Inua tako moja tu. Ahsante. Sasa la pili."

Jamvi lile alikuwa amelipaka asali. Akaenda kwenye shimo la sisimizi, akawanong'oneza, "Kuna asali ghalani, lakini imekaliwa."

Wakaja. Nyenye, nyenye, nyenye.

Kiboko akainua tako la kulia, akalishusha. Akainua la kushoto, akalishusha.

"Mzee, kuna nini?" akauliza Sange.

"Hakuna. Nafikiri."

Nyenye, nyenye. Kulia, kushoto, kulia, kushoto.

"Mbona unafikiri kwa kasi?"

"Ni mambo mazito."

Asali ikaisha. Sisimizi wakaanza kumwonja Kiboko mwenyewe. Akaruka juu, akatimua mbio hadi mtoni, chubwi, kambare wakajikuta ukingoni.

Sange akajaza vikapu vinne, akawaambia wengine wagawane uliobaki.

"Ule ulikuwa ugonjwa gani?" akauliza Nyati.

"Mchecheto," akasema Sange, na mdomo umejaa.

Waingereza nao, mtu asiyetulia humwita "antsy", na ndani ya neno hilo mna "ant", yaani sisimizi. Sisemi walimwona Kiboko. Nasema tu sisimizi wamefika mbali.

Ngano yangu imekwisha, aliyeshiba anawe.