Utafiti wa Bwana Kiboko Kuhusu Maji ya Mto

Paukwa!

— Pakawa!

Mbona mnaitikia kivivu? Paukwa!

— PAKAWA!

Hapo sawa. Masikio huku, midomo fungeni.

Palikuwa na Kiboko, mwenyekiti wa baraza, domo hili, tumbo lile. Bwawa lake lilikuwa katikati ya mto. Maji ya upande wa juu kayakataza, eti yake peke yake. Wanyama wakanywa ya upande wa chini, na matumbo yakawauma: nguru-nguru-nguru, mbio kichakani! Watoto wa Pimbi wakalegea, macho yakaingia ndani. Pimbi, kanyama kadogo ka mawe, akawaka. "Wanangu hawafi hivihivi! Nitachunguza!"

Kiboko akilala, khoroo, Pimbi anawagawa wanyama. Wanaokunywa juu: wazima. Wanaokunywa chini: nguru-nguru-nguru, mbio kichakani! Akawabadilisha. Wa chini wakaenda juu: wazima. Wa juu wakaja chini: nguru-nguru-nguru, mbio kichakani!

Chanzo akakijua. Lakini angesemea wapi? Barazani Kiboko akifungua domo, wote kimya. Basi akapita akijigamba, "Nina utafiti, utampa mtu jina mto mzima!"

Kiboko akaibuka, chubwi! "We Pimbi! Utafiti bila mimi?"

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mkubwa wa kazi hiyo ni mimi. Litajwe jina langu."

"Sawa, mzee. Nikueleze nilichogundua?"

"Cha nini? Nitasikia hukohuko barazani. Na jina lako lisitajwe!"

"Lisitajwe kabisa, mzee."

Siku ya baraza Kiboko akanguruma, "Utafiti huu ni wangu, kila neno! Atakayepinga namtafuna. Pimbi, watangazie!"

Pimbi akapanda jiwe. "Asema Bwana Kiboko: Nimechunguza, nimerudia, nimehakikisha. Kinyesi changu ndicho kinachowaumiza. Kwa hiyo nahama leo, naenda mwisho wa mto, kwenye matope, asikokunywa yeyote."

"Uongo!" akafoka Kiboko.

"Wa nani, mzee? Wako?"

Baraza likaangua kicheko. Nyati, tumbo bado linamsokota, akasogeza pembe. "Mzee, umesema kila neno. Na atakayepinga anatafunwa. Unapinga?"

Wote wakasimama. Kiboko akaondoka, pu, pu, pu. Watoto wa Pimbi wakanywa maji safi mpaka wakacheua.

Nami hadithi naitua hapa. Asiyeamini akaonje maji ya matopeni.

Funzo? Enyi wakubwa, msijisumbue kuuliza wadogo wenu wamegundua nini. Wekeni majina yenu tu. Sisi tutawatangazia.